Mita Moja na Nusu

Maji yamenifika shingoni.
Si msemo. Ni Jumamosi, saa moja asubuhi,
bwawa la Nairobi West,
na baridi ya mwezi wa saba imekaa juu ya maji
kama karani asiyetaka kumhudumia mtu.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Daktari alitazama karatasi ya sukari,
akatazama goti langu la kushoto,
akasema, kukimbia usikimbie.
Unajua kuogelea?
Nikacheka hadi mashine ya presha ikakosea hesabu.

Mimi nimezaliwa Mutomo,
ambako mto ni mchanga unaochimbwa.
Nikaitwa Syombua kwa kuwa siku ile mvua ilinyesha.
Mama anasema ilinyesha tena baada ya miaka miwili.
Maji kwangu yalikuwa na uzito: lita ishirini,
mkanda kwenye paji la uso,
kilomita sita, na ole wako ukimwaga.
Nani aliwahi kuyaona mengi hivi,
yamelala tu, bila mtungi wa kuyangoja,
na watu wanalipa shilingi mia nne kuyapiga mateke?

Vazi nililinunua Toi, la mtumba,
lina jina la shule ya ng'ambo kifuani.
Kofia ya mpira imebana misuko
hata nyusi zimepanda,
nimebaki na uso wa mtu aliyeshangaa,
na kweli nimeshangaa.

Mwalimu ni Wandati, kijana wa juzi tu.
Ananivuta kwa ncha za vidole
kama anayevuta kabati lisilopita mlangoni.
"Toa pumzi majini, mama. Nataka mapovu."
Natoa. Pua inakunywa.
Nakohoa dawa ya bwawa, nakohoa
na heshima yangu yote ya mkaguzi wa hesabu.

Wiki ya kwanza nilishika ukingo.
Wiki ya pili nilishika ukingo.
Wiki ya tatu nilipata mafua, nikamshukuru Mungu.

Ya nne, mtoto wa miaka saba,
Nashipae, meno mawili ya mbele hayapo,
akaibuka kando yangu akipangusa macho:
"Shosho, unapigana nayo.
Hayajakufanyia kitu."

Nilikasirika. Mimi shosho wa nani?
Nikalala chali kwa hasira,
masikio yakazama,
na jiji lote likazimwa: honi za Lang'ata,
vindege vya Wilson, Wandati na filimbi yake.
Nikasikia moyo wangu ukifanya kazi peke yake,
mfanyakazi wa miaka mingi
ambaye sijawahi kumtembelea ofisini.
Na mgongo, mgongo huu huu wa lita ishirini,
ukahisi maji yakiingia chini yake, polepole,
kama mdaiwa aliyekuja mwenyewe
na pesa mkononi.

Sekunde nne. Labda tano.
Kisha nikakumbuka kuwa sijui kuogelea,
nikazama.

Siwadanganyi, sijapungua sana. Kilo mbili,
na moja huenda ni kosa la mizani ya duka la dawa.
Lakini zile ngazi za ofisini, ghorofa ya tatu,
jana nilifika juu ndipo nikakumbuka kuchoka.
Na leo nimevuka bwawa. Upana, si urefu.
Katikati nilisimama
nikajifanya natengeneza kofia.
Wandati aliona. Hakusema.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,
sawa, wahenga, lakini hamkusema
kwamba mtu hutoka akitetemeka
na njaa ya mchimba mawe.

Nje ya lango, Mama Kerubo ananimiminia uji.
Wangu hauna sukari, anajua.
"Leo umefika ng'ambo?"
Nimefika.
"Na kurudi?"
Nilirudi kwa miguu, namwambia,
kando kando ya bwawa, nikidondosha maji
kila hatua, na hakuna aliyenigombeza.